Nilianza Sataranji Nikiwa na Miaka Thelathini na Tatu

Jumanne, 1 Julai 2025

Kabuku. Siku nzima joshoni na kazi yangu ya uganga wa mifugo, ng'ombe mia mbili na kitu, chanjo zimetosha. Mchana akapiga simu Mbaruku, katibu wa chama chetu cha sataranji. Mashindano ya mkoa yatakuwa Korogwe, mwanzoni mwa Agosti. Mshindi anakwenda taifa.

Nikamwambia aniandike. Akasema nafasi ile wangependa aipate mtoto, mtu ambaye bado anakua.

"Wewe mama una arobaini na nne. Utafika wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Sheria haina kikomo cha umri — nimeisoma mara mbili. Ameniandika.

Jumapili, 6 Julai

Korogwe, kwa mwalimu Mhina. Ndiye aliyenifundisha, miaka kumi na moja iliyopita, nilipohamishiwa huku nikiwa sijui hata farasi anarukaje. Alisomesha hisabati mpaka akastaafu, habembelezi mtu. Nikamuuliza: nimechelewa?

"Umechelewa. Wanaofika juu kabisa huanza na miaka sita, saba. Hilo usijidanganye, mama Soila. Ila waliochelewa wengi waliacha mapema. Kwa hiyo hatujui wangeishia wapi."

Kisha akatoa daftari. Kumbe ameandika michezo yangu yote ya mwaka huu. Makosa yangu makubwa karibu yote yako baada ya saa ya tatu ya mchezo. Kichwa kinachoka, nami sitambui kama kimechoka.

Dawa yake: watoto wanapiga hesabu haraka kuliko mimi, nisishindane nao mbio. Nibadilishane malkia mapema, tubaki na kete chache. Ninywe maji, nile. Nilale mapema wiki nzima kabla.

Jumatano, 16 Julai

Miwani mipya. Joseph, mume wangu, akauliza ni ya ng'ombe au ya sataranji. Nikamwambia ya vyote viwili. Hajui mchezo huu hata kidogo, lakini ndiye aliyenikumbusha ndizi za kubeba.

Ijumaa, 1 Agosti

Korogwe. Wachezaji kumi na wanane. Anayenifuata kwa umri ana miaka ishirini na sita.

Kijana wa mlangoni alinionyesha benchi la wazazi. Nikamwambia nacheza. Akaomba radhi, mpaka nikamhurumia.

Michezo miwili, nimeshinda yote. Mpinzani wa kwanza alikuwa yule kijana wa mlangoni.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeshinda miwili, nimetoka sare mmoja. Ile sare ni saa ya tatu tena — nilimwacha farasi wangu wazi kabisa mbele ya mpinzani wangu, Sufiani, akamla. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi. Nikapambana bila farasi mpaka ikawa sare. Zamani ningekata tamaa palepale.

Nina pointi nne na nusu. Munira wa Kerenge naye nne na nusu. Ana miaka kumi na minne, na hapa hajafungwa na mtu. Kesho mimi na yeye.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshinda.

Munira alikuja mezani, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, kisha akanivamia kama ana ugomvi nami. Akanilia askari wawili. Nikabadilishana malkia kwa nguvu, nikarudisha askari mmoja. Saa ya tatu ikafika. Nikala ndizi, mbili, taratibu, huku ananitazama. Nikajisikia mzima. Kweli, mzima kuliko asubuhi.

Yeye akaanza kusogeza kete harakaharaka. Mfalme wake akaenda hatua moja upande usiofaa. Moja tu. Askari wangu akapita, akafika mwisho wa ubao, akawa malkia.

Akanipa mkono. "Nimeshindwa, mama."

Mbaruku aliandika jina langu la kuzaliwa juu ya orodha kwa mkono wake: Nashilu, bingwa wa mkoa. Akaniambia taifa ni Oktoba, nijiandae, na kwamba siku ile ya simu alikosea. Nikamshukuru. Nilikuwa na maneno makali nimeyatunza mwezi mzima, sikuyahitaji.

Mwalimu Mhina alivua miwani yake. Akaifuta muda mrefu.

Halafu Munira akarudi na ubao. "Mama, naomba tuurudie mchezo." Tukaurudia. Tulipofika pale nilipojisifu moyoni kuwa nimeshamweza, akaweka ngome yake mahali ambapo sikupawazia kabisa. "Ningecheza hivi, je?"

Nikatazama. Mpango wangu wote umekufa.

Ameenda kula, nimebaki na ubao. Dakika ishirini sasa. Gari la Kabuku linajaza watu, mwalimu amekuja kuniita mara mbili, nimemwambia nangoja lingine. Jibu lipo, nalihisi. Nikisukuma askari wa pembeni — hapana, ngome inamfikia. Basi mfalme kwanza, halafu... Ngoja nijaribu ubaoni.