Farasi Tuliyemwita Kitanda

Alhamisi, mchana. Ukungu umekaa juu ya msitu wa Bahati tangu asubuhi, kuni zimelowa zote. Nekesa anaota meno na sijalala vizuri siku tatu.

Wamempiga Kitanda risasi.

Nimeandika hivyo moja kwa moja kwa sababu nikianza kuzunguka sitafika. Kitanda ni farasi wa memsabu, bibi wa kizungu mwenye shamba hili, yule mwekundu aliyenunuliwa kwa Kaburu mmoja. Jina lake la kizungu lilitushinda, basi sisi wa kambi ya wafanyakazi tukamwita Kitanda, maana aliyempanda alikuwa kama amelala.

Mume wangu, Baba Nekesa, ndiye anayetunza farasi hapa. Alinifundisha miendo yao kwa kugonga vidole kwenye debe. Farasi akitembea ni vishindo vinne, polepole. Akiongeza mwendo ni viwili viwili, na aliye juu anarushwa kama gunia kwenye lori. Lakini Kitanda akiongeza mwendo vilibaki vinne, vya haraka, kila mguu na zamu yake, na mgongo umetulia. Hakufundishwa. Alizaliwa hivyo. Memsabu ana mgongo mbovu, alimpenda kwa hilo tu.

Mimi nilimjua kwa mwili wangu.

Nekesa alipokuwa anakuja alikaa vibaya tumboni, na lori la shamba lilikuwa limeenda Nakuru. Baba Nekesa alinipandisha juu ya Kitanda bila kuomba ruhusa, akashika hatamu, akakimbia kando yake mpaka zahanati. Mkunga alisema ningeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe tungekufa wote wawili njiani.

Hatukumwambia mtu. Mfanyakazi akionekana juu ya farasi wa mzungu anafukuzwa, na wakati huu wa Hali ya Hatari, kipande chako, ile karatasi ya kazi, kikiandikwa vibaya hakuna shamba litakalokuchukua.

Sasa memsabu yuko Ulaya anatibiwa, na mpwa wake ndiye bwana. Jana aliagiza farasi wote wakimbizwe kwa kamba mbele yake, awakague. Kitanda akaja na vishindo vyake vinne, kichwa kikicheza kidogo kama kawaida yake.

"Huyu ni kilema," bwana akasema. "Miguu ya nyuma imekwisha. Ndiye aliyemvunja shangazi mgongo."

"Bwana, huo ndio mwendo wake," Baba Nekesa akasema. "Ukikaa juu hata chai haimwagiki."

"Umejuaje? Umempanda?"

Nilikuwa nimesimama pale na kopo la maziwa, Nekesa mgongoni. Baba Nekesa akanitazama. Nilijua anachoniuliza. Ningesema tu: mimi ndiye niliyebebwa, na mtoto mwenyewe huyu hapa.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Hapana, bwana," akajibu.

Bwana akaagiza apigwe risasi, na leo asubuhi Baba Nekesa alishika kamba yeye mwenyewe, ili Kitanda asimame bila woga. Jirani yangu Mama Truphena aliposikia mlio wa bunduki akacheka kidogo. "Wacha wamalizane na mali yao, mama. Ungelilia ng'ombe, ningekuelewa."

Baba Nekesa amerudi, amenawa mikono mara mbili, ugali hakugusa. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Ulifanya sawa, mama. Tungelala wapi?"

Angenigombeza ningepumua.

Nimejiuliza kama ningetikisa kichwa tena. Ningetikisa. Nina mtoto mdogo na nyumba si yangu. Lakini nisijidanganye kwamba sikumuua.

Debe liko kwenye kona, limepinduliwa juu chini tangu jana. Jioni nitamwomba agonge vile vinne vya haraka, Nekesa asikie. Akikataa nitagonga mwenyewe, hata nikikosea. Mtoto lazima ajue alikuja duniani kwa miguu ya nani.