Laptopu ya Mwalimu Mwakio

Voi, Jumanne

Hata asante hakusema. Wiki iliyopita Mwalimu Mwakio wa Kasigau aliniletea laptopu iliyokataa kuwaka. Nikapima bodi, nikapata kapasita moja, kile kifaa kidogo cha kutunza umeme, imepiga shoti, nikaibadilisha, ikawaka mbele yake. Nikamsihi, "Mwalimu, usiichaji moja kwa moja na betri ya sola. Tumia chaja yake."

Leo amepiga simu. Imezima tena. Ameiunga na betri ile ile, kwa nyaya, kama redio.

"Ningejua ningempelekea fundi mwanaume," akasema.

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mle ndani ya laptopu mna alama za mitihani za watoto wa darasa zima. Nikasema tu, "Ilete, mwalimu."

Hiyo "ilete" ndiyo inayoninyima usingizi, si tusi lake: sijui kama safari hii nitaweza kuziokoa alama hizo.