Tamthilia zetu haziguswi

Rooty Hill, Jumanne, Aprili 2020

Mwanaidi, mwanangu, huna adabu. Unazimaje televisheni na mama yako amekaa mbele yake?

Eti huku ugenini majani yakipukutika hutazamwa filamu za utulivu, kama alizonichagulia Mwanaidi. Wazungu wawili wanatembea na mbwa, hakuna hata anayegombana. Baridi imeingia, korona imetufungia ndani, nami nimkodolee macho mbwa? Mimi nataka tamthilia za nyumbani, mawifi wanasutana mpaka jirani anatoka kusikiliza.

Tena sitazami peke yangu. Mjukuu wangu Zuhura, tangu nije hapa, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Leo yule wifi mbaya alipomtukana bibi arusi, mtoto kasimama juu ya kochi, kidole kimemnyookea: "Koma! Huna haya, we!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwanaidi, ndio kwanza katoka zamu hospitali, akaruka nyuma mlangoni akidhani katukanwa yeye, kisha akazima televisheni.

"Mama, unamfundisha mtoto kusuta watu!"

"Namfundisha kuzungumza na mimi."

Kaondoka na rimoti.

Naogopa lakini. Ndege zikifunguliwa nitarudi Tanga, na huyu mtoto kwa simu tutaongea nini, kama hata...

Basi. Kesho nikishaswali magharibi, tamthilia iwashwe, Zuhura akae ubavuni kwangu asute anavyotaka. Na Mwanaidi alete chai, akae, anyamaze.