Kumtoa Nzioka Getini

Mwalimu,

Sikusalimu. Wewe mwenyewe ulinikataza kumuuliza mtu habari kama siko tayari kungoja jibu lake, na huko uliko sijui hali ikoje. Nikikuuliza nitajijibu mwenyewe kwa sauti yako, na hilo hasa ndilo kosa nililolifanya tangu ufe. Nimekaa chini leo niliungame.

Nakuandikia nikiwa Uthiru, kwenye meza yangu ya kulia chakula, saa tatu asubuhi. Chumba chako cha mjini, kile cha ghorofani juu ya fundi cherehani, kimepata mpangaji anayeuza vifuniko vya simu. Nilipita wiki jana. Lile dirisha ulilokuwa ukiandikia umesimama amelibandika karatasi nyeusi. Mama wa mahamri pale chini ya ngazi aliniuliza, "Na yule mzee wa chai mbili alienda wapi?" Kumbe hakuwa amesikia. Nikamwambia umesafiri.

Chai mbili. Kila asubuhi ukitoka msikitini uliagiza kwake glasi mbili, yako na ya yule mtu unayemwandika. Siku ya kwanza nilipokuja kukuchapia, nikiwa nimemaliza chuo na kazi sina, nilidhani ya pili ni yangu. Nikainywa. Hukukasirika, ulisema tu, "Umekunywa chai ya mwenyewe, mwanangu. Leo hatasema nasi." Na kweli siku hiyo hukuandika hata mstari. Nilikwenda nyumbani nikijiambia kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu, lakini angalau ni mwendawazimu mpole.

Baadaye niliizoea ile desturi. Ulikuwa unaigeukia glasi, unaiuliza, "Habari ya kwako?" halafu unangoja. Jibu likija, kwamba mke ana homa, kwamba kiatu cha kushoto kinabana, ulishika kalamu. Lisipokuja, ulifunga daftari tukaenda kutembea. Hukutaka kujua sura ya mtu. Nilikuuliza mara moja mbona watu wako hawana pua wala macho, ukasema msomaji ana pua za kutosha kwao. Ulichotaka kujua ni anaweka wapi pesa zake, anavua viatu upande gani wa mlango, na nani akimwita haitiki.

Majina uliyatoa kwenye gazeti, ukurasa wa matangazo ya vifo. Jina la kwanza kwa marehemu huyu, la pili kwa yule, kamwe si yote mawili kwa mmoja. Ulisema ukimchukua mzima atakuja kudai. Nilikuwa nacheka. Sasa huo ukurasa siwezi kuufungua, maana siku ile jina lako lilikuwa pale, yote mawili, na picha ya zamani ambayo shati halikuwa hata lako.

Nzioka ulimpata hivyohivyo. Soja, mlinzi wa geti moja la Kitisuru, mtu wa Mwala kama baba yangu, miaka kumi na tisa akiwafungulia wenye magari. Kila jioni wafanyakazi wa ndani wakitoka, yeye ndiye aliyekagua mifuko yao. Mpishi alifutwa kazi kwa sababu ya kijiko ambacho Nzioka alikikuta kwenye mfuko wake, ingawa mama wa watu aliapa kwamba alipewa. Kisha nyumba ikauzwa. Wenye nyumba wapya wakaja na walinzi wao wa kampuni, na Nzioka akaambiwa leo ndiyo mwisho. Ukurasa wako wa mwisho unaishia, "Nzioka akaushika ufunguo, akasimama." Hapo ndipo ulipomwacha.

Unakumbuka tulivyokwenda kumtafuta? Tulishuka Westlands, tukapanda kwa miguu mpaka Kitisuru, wewe na kofia yako na ule mwavuli usiofunguka. Tukasimama mbele ya geti moja muda mrefu mpaka soja akatoka. Akakuuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Ukamwambia, "Natafuta soja." Akasema, "Soja ni mimi." Ukajibu, "Basi nimekupata." Mkakaa juu ya jiwe mkiongea habari za mbwa saa nzima, na hukuandika neno. Ulipoinuka ulimshukuru kana kwamba amekupa shamba.

Njiani kurudi ndipo ulipoanza. "Muulize baba yako siku ya mwisho alitokaje kule Spring Valley." Nikasema nitamuuliza. Ulinikumbusha tena mwezi uliofuata, na mwingine, hata miaka ikapita. Nikasema nitamuuliza. Uliona nilivyokuwa nikiangalia pembeni. Chuoni nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba baba yangu anafanya kazi Spring Valley, nikaacha sentensi hapo, wao wamalizie wapendavyo. Kwa kuwa mtaa ule ni wa matajiri, wengine walidhani ni balozi, si soja wa geti. Wewe ulilijua hilo bila kuambiwa, na hukunisuta. Hata ulipokuja hapa Uthiru kula muthokoi wetu wa mahindi na maharage, ukaketi na baba uso kwa uso, ukakunja leso yako mara nne kama kawaida yako, ukausifu muthokoi kuliko ulivyoula, hukumuuliza. Mlipoagana nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Hilo ni lako kuuliza. Mimi nikiliuliza nitakuwa nimeliiba."

Halafu ikaja ile simu. Nilikuwa Mwala kwa mahari ya dada yangu, kuna kelele, mbuzi, wazee wanabishana. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ulisema kifua kinakusumbua kidogo. Ukasema, "Nikichelewa, mtoe Nzioka pale getini." Nikakwambia, acha maneno hayo, Jumatatu niko hapo. Simu yangu ikaisha chaji.

Ulifariki Jumamosi alfajiri ukazikwa siku hiyohiyo. Mwalimu, kwetu mtu akifa hulala mochari wiki nzima, mbili hata, watu wanakutana jioni kwa matanga, wanachanga, wanaimba, wanamsengenya marehemu kidogo kwa upendo. Unapata muda wa kuzoea. Ninyi mlimaliza kabla ya Alasiri. Nilipofika Jumapili ndugu zako walikuwa tayari wanakunja mikeka, na mtu akaniambia kwa wema kabisa, "Ameshapumzika." Sikukuona. Sikukusindikiza hata hatua moja. Nilikuwa nimeachana nawe kwenye simu katikati ya mbuzi.

Walipokuwa wakifungasha vitu vyako walinipa daftari za Nzioka. Glasi ile ya pili hawakunipa. Niliichukua. Niliifunga kwenye leso nikaitia mfukoni nikateremka ngazi nikijua ninachofanya.

Tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa yangu. Wewe ulikuwa ukikoroga chai bila kijiko kugusa glasi, kipaji chako hicho, hata ulipoweka sukari nne. Kwa hiyo sikusikia kitu. Ndicho kilichonitisha. Mabomba yanalia, majirani wana redio, magari yanapita barabara kuu, halafu ghafla kunatulia kimya, na mimi najua unakoroga. Nilikuwa nikimmiminia Nzioka chai, nauliza, "Habari ya kwako?" na jibu linakuja hapohapo, bila kungoja, kutoka nyuma ya bega langu la kushoto. "Taratibu, mwanangu." Niligeuka mara nyingi. Niliogopa kwamba nitakuona, na niliogopa zaidi kwamba sitakuona. Niliandika kila kilichosemwa.

Sura ya mwisho ikatoka kwa siku nne. Nzioka aliketi mbele ya geti, akakunja leso yake mara nne, akakoroga chai polepole bila kelele. Akatoa maneno matamu juu ya kuondoka na kubaki. Kisha akarudi ndani kuzungukia bustani, na kitabu kikaishia yeye akiwa bado humo. Nilimpelekea mhariri wako. Akanipigia analia. "Namsikia Mwalimu kabisa," akasema, "ni kama hajaenda." Siku mbili nilitembea Uthiru hii kichwa juu.

Ndipo baba akaja kwa ajili ya kliniki ya macho. Kusoma hawezi siku hizi, basi nikamsomea, hapa mezani, yeye anatafuna karanga. Nilipofika kwenye leso aliacha kutafuna. Nilipomaliza akasema, "Hii si soja. Hii ni ule mwalimu wako. Mbona umesimamisha mzee wa watu kwa geti?"

Mwalimu, nililia mpaka baba akaaibika. Alisimama, akaenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa tayari. Na nilipoweza kusema, nikauliza lile swali, baada ya miaka sita. Baba, wewe ulitokaje Spring Valley siku ya mwisho?

Hakushangaa. Nadhani alikuwa ameningoja yeye pia. Akasema, "Nilifungua bag yangu mwenyewe, hapo chini kwa changarawe. Ule soja mpya hakuwa ameniambia nifungue. Lakini mimi nilikuwa nimecheki za watu miaka yote hiyo. Ningepita na yangu imefungwa aje?" Nikamuuliza kulikuwa na nini ndani. "Blanketi. Redio. Sufuria. Sweta yako ya shule, ile ndogo, nilikuwa navaa ndani ya koti usiku." Akaendelea, "Ule mtu aliona haya, akaangalia kando. Nikamwambia hapana, angalia. Akaangalia. Ndio nikatoka." Kisha akarudia karanga zake.

Sweta yangu. Na mimi nilikuwa chuoni nikiwaacha watu wadhani ni balozi.

Basi nikaelewa kwa nini ulimwacha Nzioka amesimama. Hukuishiwa na pumzi, wala hukukosa maneno. Ulikuwa unanisubiri mimi niulize, na nilichelewa mpaka ukafa. Sijui nitakaa vipi na hilo. Nimejaribu kulifanya dogo, halipungui.

Jana asubuhi nilimmiminia Nzioka chai kwa mara ya mwisho. Nikauliza. Kimya kikaja, nikakijua ni chako, na nikakwambia kwa sauti, hapa peke yangu kama kichaa, "Si wewe niliyekuuliza, Mwalimu." Nikangoja. Chai ikaweka utando, ikapoa. Karibu saa sita ndipo aliposema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako wala kwa baba. "Nimechoka kusimama."

Niliandika kurasa tatu tu. Nzioka anaweka ufunguo juu ya ukuta. Anauweka mfuko chini, anafungua zipu, na kitu cha kwanza anachokitoa ni kijiko, alichopewa na mama mwenye nyumba mwaka wa pili wa kazi, hakuna karatasi ya kuthibitisha. Anakiweka juu ya blanketi palipo na mwanga. Soja mpya anaangalia kando. Nzioka hasogei. "Angalia," anamwambia, na anasubiri mpaka ameangalia. Kisha anafunga mfuko, anatoka, na hageuki nyuma. Hakuna maneno matamu. Wewe humo haumo hata kidogo, na nilipozisoma tena niliona jinsi ulivyo mbali.

Nimempelekea mhariri. Huenda akapenda ile ya kwanza zaidi. Nimemwambia hiyo ya kwanza haitoki.

Sasa ni zamu yangu. Sikukusindikiza, basi nifanye kama soja anavyofanya. Huu hapa mfuko wangu, Mwalimu, nimeufungua mwenyewe. Glasi moja, ya wizi. Ukurasa wa gazeti wenye jina lako, niliukata nikaukunja ndani ya Biblia yangu, utanisamehe. Kalamu ya bluu yenye alama za meno yako. Na sauti yako kwenye simu, ujumbe mfupi wa zamani unaniambia ninunue karatasi na nisiache kuchukua chenji. Huo nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Sina kingine. Maneno yako niliyokuwa nayo nimeyarudisha kwenye daftari zako.

Nakuahidi haya. Jina lako sitampa mtu yeyote wa kitabu, si la kwanza, si la pili. Sitakusemesha tena. Kesho nitateremka mjini nimpelekee mama wa mahamri hii glasi, na nitamwambia ukweli, kwamba yule mzee hakusafiri. Na Jumapili nikienda kanisani na baba, mtu akiuliza alikuwa akifanya kazi gani Spring Valley, nitamaliza sentensi.

Nimejitengenezea chai sasa hivi, moja. Nimekoroga, na kijiko kimegonga glasi nyumba nzima ikasikia. Bega langu la kushoto ni jepesi, na sipendi wepesi wake.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu. Kagua mfuko, usione haya. Halafu nifungulie.

Mwende