Kicheko cha Kapteni

Jumatatu, 4 Agosti
Mizunguko tena, peke yangu ndani ya ndege. Kupaa, kuzunguka uwanja, kutua. Mitatu safi. Wa nne upepo ulinisukuma pembeni, nikafika juu mno na kasi kubwa. Nikaongeza nguvu ya injini, nikapanda tena. Ndivyo tulivyofundishwa darasani. Niliporudi nikatua vizuri.

Kapteni, mwalimu wetu, alinisubiri mbele ya wenzangu. "Wewe dada, umekuja kujifunza au kutalii Katavi?" Akacheka. Wakacheka wote, isipokuwa Elia. Nina hasira.

Jumatano, 6 Agosti
Ananiita Mtalii. Wenzangu nao. Limeshakuwa jina langu. Nikimwambia mama kule Kasokola atasema niache. Simwambii.

Alhamisi, 7 Agosti
Elia ameumia.

Alikuwa peke yake angani. Upepo wa pembeni, mkali. Alikuja na kasi, ndege ikagusa lami, ikadunda kama mpira. Nikapiga kelele, "Panda, Elia! Panda!" kana kwamba ananisikia. Hakupanda. Akailazimisha chini. Gurudumu la mbele likavunjika, pua ikachimba lami. Tulimtoa uso umejaa damu, mkono umevunjika.

Kapteni: "Kijana hakuwa makini."

Mshenzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Wodini. Mama yake Elia alikuwa anamsemesha Kirundi polepole. Nilimuuliza Elia kwa nini hakupanda. Akasema: "Niliona kabisa haikai sawa. Nikakumbuka walivyokucheka. Sikutaka na mimi niwe Mtalii."

Nilitoka nje nikalia. Si huruma. Hasira tupu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kikao. Mwenye shule alikuwepo. Kapteni akarudia habari yake ya umakini. Nikasimama. "Kapteni, tunaogopa kicheko chako kuliko tunavyoogopa kuanguka. Elia yuko wodini kwa sababu hiyo."

Akaniambia nikae chini. Sikukaa.

Wale waliocheka Jumatatu walitazama viatu vyao. Mwishoni mmoja wao, Juma, akasema, "Anasema kweli." Mmoja tu! Mwenye shule akafunga kikao. Nawachukia wote leo.

Jumatano, 20 Agosti
Kapteni hayupo tangu wiki iliyopita. Hatujaelezwa chochote.

Mwalimu mpya ni mama mmoja wa Tabora, sauti yake ndogo. Asubuhi nzima alinishusha mpaka karibu na lami, kisha, "Panda." Tena na tena. Tulitua pale tu aliposema inatosha. Hakunisifia. Hakucheka.

Elia alikuja kutazama, mkono kwenye plasta. Nilikaa naye nje ya uzio, tukala karanga. Ndege ya abiria ikatua, watu wakashuka na mizigo yao. Upepo ulikuwa umetulia.