Mutu wa Kwenye Kiti ya Papa

Kisangani, 4 Machi 2024

Mama mupenzi,

Mbote sana. Umeamuka je? Magoti, kifua? Siye huku tuko wazima, watoto wanakula kama nzige, Mungu asifiwe.

Bon, habari iko hii: munganga wa macho amefika mujini, specialiste mwenyewe, anapasua watoto na wazee. Anasema ule weupe kwenye macho yako ni cataracte, anautoa asubuhi, kesho yake unaona. Panda baleinière, ile mashua ya tonton Dady, na usiniletee visababu tena!

Binti yako, Vicky

Barumbu, 19 Machi

Vicky mwanangu,

Barua imefika, na sabuni pia. Niko muzima, ni magoti tu yananisumbua. Anayeniandikia ni Benie, binti ya jirani.

Siji. Tangu macho yafunge, papa yako anarudi. Usicheke! Kila saa sita, nikipakua lituma ya ndizi, kiti yake inalia, anakohoa kidogo, na naona kivuli yake ndani ya ule weupe. Namuwekea sahani, inarudi tupu. Hata shati yake ya misa nimemurudishia kwenye kiti. Tangu tumuzike sikukula na mutu. Munganga akinifungua macho nikute kiti tupu, nitakuwa nimemuzika mara mbili. Niache na bwana yangu.

Mama yako

(Ya Vicky, dada yangu, ni mimi Benie. Mimi sioni mutu. Lakini ile shati sijui imeenda wapi.)

Kisangani, 2 Aprili

Mama yangu,

Salamu nyingi. Sikucheka, nililia. Nimemuuliza munganga. Anasema macho yakikosa kazi, kichwa inajichorea picha, inafikia wazee wengi, si wazimu. Sahani, mimi naona ni kuku za Benie zinaimaliza!

Tonton Dady ameniambia ulijichoma mukono kwenye moto. Kesho utaangukia mutoni. Na kama ni papa kweli, hautaki kumuona sura? Njoo upasuliwe, kisha umutazame muzuri.

Binti yako, Vicky

Kisangani, 6 Mei

Mama,

Ulifika salama? Matone ya macho unatia? Nyumba imebaki baridi bila wewe. Watoto bado wanacheka vile munganga alikutoa bandeji, ukanitazama, ukasema, « Aka! Vicky umezeeka hivi? »

Na kiti, mama? Kama iko tupu, usilie peke yako. Nikimaliza kuuza mizigo yangu nakuja tukae pamoja.

Binti yako, Vicky

Barumbu, 21 Mei

Vicky mwanangu,

Nakusalimia, na watoto wote. Leo naandika na mukono yangu mwenyewe. Macho iko muzuri, naona mpaka mbu kwenye ukuta. Muambie munganga asante.

Siku nilifika, nilipakua lituma, nikasikia kiti inalia. Nikageuka. Ameketi. Furaha ilinishika, nikasema, « Henri, leo nakuona! » Akainua uso.

Si papa yako.

Ule mutu sijawahi kumuona, si hapa, si Isangi. Amevaa shati ya papa yako. Benie anasimama karibu yake, haoni kitu. Nimeomba, nimeacha kupakua chakula, haendi. Kwetu mutu uliyemupa sahani na nguo haumufukuzi, na mimi nilimupa miezi yote hii, nikimuita bwana yangu.

Leo amesema mara ya kwanza. Ameuliza binti yangu wa Kisangani atafika lini.

Usije.

Mama yako