Albamu Yako Naipa Nne

Kwako dada, staa wa redioni,

Sisi tupo. Pale saluni ninaponyoa, hakimu wa muziki ni mimi. Shule ilinishinda, lakini masikio ninayo. Albamu ya rumba ya bosi naipa tisa. Yako, usinune, nne. Studio wameipiga pasi sauti yako mpaka mama, ambaye siku hizi anaumwa na kukataa chakula, akauliza, "Huyu nani?"

"Bintiyo."

"Siye."

Nikamwekea ile niliyokurekodi kwa simu ukiosha vyombo, unaimba huku sufuria zinakupigia ngoma. Mama akaketi, akacheka, akaomba kula.

Hiyo naipa kumi. Ila ni fupi, na mama anataka wimbo uishe. Njoo umalizie. Vyombo nimekuachia.

Mdogo wako, Masikio